Kovu la Utomvu wa Mgomba

Jumatano, 9 Aprili 2014. Busunzu.

Leo nimetukanwa kwa sababu ya bega la mtoto.

Ilikuwa hivi. Anania alipita kibandani kwangu amembeba mwanawe Gasper, mkono wa kulia wa mtoto uko nje, kifua cha baba kiko mbele, kama mtu anayepeleka ng'ombe mnadani. Huyu Anania naye ni fundi cherehani. Meza yake iko upande wa pili wa soko. Miaka yote anashona suruali ambazo mguu mmoja unafika Kasulu kabla ya mwenzake, na bado watu wanampelekea vitambaa! Akaniuliza habari za asubuhi. Kisha akaniuliza habari za kovu.

Gasper na Domitila wangu walizaliwa wiki moja, mwezi wa kumi na mbili, wakachomwa sindano ya kifua kikuu siku moja, begani kulia. Gasper akatoka kipele, kikapasuka, kikakauka, sasa ana kovu ambalo hata kipofu angelisoma. Domi hana kitu. Bega laini kama kipande cha sabuni. Anania akasema watu wanasema mtoto asipotoka kovu, damu ya baba yake ni nyepesi. Nikamuuliza watu gani. Akasema watu tu. Mshenzi!

Ningemwacha na maneno yake, lakini kuna jambo. Tarehe 24 ni uzinduzi wa Wiki ya Chanjo hapa zahanati. Mgeni rasmi anatoka wilayani, Kibondo. Atachaguliwa mtoto wa mfano, mwenye kadi iliyotimia na kovu linaloonekana, atanyanyuliwa juu, atapigwa picha, na picha itabandikwa ukutani zahanati. Ukutani! Kila mama wa Busunzu atakaa kwenye benchi akiitazama. Na atauliza gauni lile limeshonwa na nani. Nimekwisha lichora kichwani: la waridi, marinda matatu, mkanda wa kufunga nyuma.

Mke wangu Recho anasema nisihangaike na Anania. Sista Theodosia wa zahanati alishamwambia kwamba wengine kovu halitokei, si kosa la mtu, ampeleke Jumatatu akachomwe tena. Lakini nimemwona Recho akimvua mtoto nguo na kulitazama lile bega, kisha akalifunika upesi. Mdogo wake alikufa katika kambi ya wakimbizi, mdogo kabisa, kwa kifua kikuu kilichopanda kichwani. Yeye akitazama bega anamwona mdogo wake. Mimi nikitazama bega namwona Anania.

Ijumaa, 11 Aprili.

Nimekwenda kwa Sista kutafuta njia. Huyu mama serikali ilimleta kutoka Iringa, na hachekicheki ovyo. Nikamuuliza kiungwana: je, mtoto akichomwa Jumatatu, kovu litakuwa limetoka tarehe 24? Akasema kovu si ugali, halisongwi likaiva siku hiyo hiyo. Wiki sita na zaidi.

Nikamuuliza kwa nini sindano hii peke yake ina mambo mengi. Kwa nini asiichome pajani, ndani kabisa, dawa ikaenda zake? Hapo akakaa sawasawa, maana anapenda kuulizwa. Akasema hii haiingii kwenye nyama. Sindano inalazwa, inapita chini ya ngozi ya juu tu, na ukiipatia unaona ngozi inavimba kidogo, vishimovishimo kama ganda la chungwa. Akasema ngozi ndiyo yenye askari wengi wa mwili, wako macho saa zote kwa sababu ndiko adui anakopitia. Dawa kidogo tu ukiwaonyesha hao, wanamshika sura adui, wanakimbia kuwaambia wenzao ndani. Siku adui wa kweli akija, wanamjua.

Nilielewa upesi kuliko alivyotegemea. Nikamwambia: yaani unapita kati ya kitambaa na bitana ya ndani! Akanitazama. Akasema ndiyo, Fundi, kati ya kitambaa na bitana, na hakuna nafasi ya kukosea. Nilijisikia daktari.

Lakini wiki sita! Na mgeni yuko njiani.

Jumamosi, 12 Aprili.

Nimefanya jambo. Naliandika kwa ufupi.

Kila fundi anajua adui wa nguo nyeupe ni nani. Ni utomvu wa mgomba. Ukigusa kitambaa, umekigusa. Utafua, utaanika, utafua tena, doa litabaki hapo linakutazama. Leo asubuhi Recho amekwenda kupalilia maharage. Domi ameachwa kwangu, amelala juu ya vipande vya vitambaa chini ya meza. Mgomba uko nyuma ya kibanda. Kifungo cha shati ninacho.

Nikapaka utomvu kwenye kifungo, nikakigandamiza begani polepole. Nikasubiri ukauke. Nikarudia. Pembeni nikaongeza kidogo kwa ncha ya kijiti, maana kovu halisi halina duara la dukani. Mtoto hata hakulia. Alikuwa anacheka na kukamata pua yangu.

Kazi safi! Nimeshona makoti ya maharusi, nimeshona kanzu ya padri, lakini sijawahi kutoa kitu kinachofanana na cha kweli kama kile. Nikaona hata nikilaumiwa na Mungu, kwa ufundi atanisifu.

Sikumwambia Recho. Nilitaka alione mwenyewe.

Jumapili, 13 Aprili. Matawi.

Aliliona jana jioni akimwogesha. Nilisikia kelele, nikadhani kuna nyoka. Nikakimbia. Recho amemshika mtoto juu, anazunguka naye uani, maji yanatiririka, anasema Imana ishimwe, Mungu asifiwe, limetokea! Akalibusu lile bega. Akalia. Akaniambia kwamba tangu mwezi wa pili alikuwa halali vizuri, hakutaka tu kunitia wasiwasi.

Mimi? Nikasema ego, ndiyo mke wangu, limetokea.

Leo baada ya kutoka kanisani amechinja kuku. Yule jogoo mwekundu! Akampika kwa mawese. Akaniwekea mimi firigisi na paja. Akamwita Mzee Nestori jirani yetu, anayesuka vikapu pale kwenye ua wa miti, aje ale naye. Mzee Nestori akampakata Domi kama kawaida yake, akamchezesha kwa magoti, akakohoa kidogo, akasema mtoto huyu ana bahati ya wazazi.

Nilikula. Nyama ilikuwa tamu sana, na hilo ndilo lililonikera.

Jumatatu, 14 Aprili.

Siku ya kliniki. Sindano hii ya begani Sista haitoi kila siku. Chupa moja ina dawa ya watoto wengi, na ikishachanganywa haifiki jioni, inamwagwa. Kwa hiyo anaifungua mara moja kwa mwezi, mama wote wakiwa wamekusanyika. Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Nilimsindikiza Recho kwa sababu mbili. Moja, niwe karibu ikitokea lolote. Mbili, nimwone Anania atakavyonuna.

Mvua ilikuwa inamwagika, mabati yanapiga kelele, watoto wanalia, Sista ana bomba la sindano mkononi. Akaita wale wasiotoka makovu wapite upande wa dirisha. Recho hakupita. Akasema kwa sauti ya furaha: Sista, la kwetu limetokea! Akainua kimkono cha Domi. Sista akatazama kwa mbali, akasema vizuri sana, mama Domi, akarudi kwenye sindano yake. Kwisha! Tumepita.

Anania alikuwa mlangoni. Alilitazama lile kovu muda mrefu. Akasema limekuja kwa haraka. Nikamwambia damu nzito huwa haina haraka, lakini ikiamua, imeamua. Watu wakacheka. Siku nzuri. Nimenunua kitambaa cha waridi.

Alhamisi, 17 Aprili.

Sijui niandike vipi.

Mzee Nestori amerudi jioni hii kutoka hospitali ya Kibondo. Mwanawe alimpeleka juzi kwa nguvu, maana kikohozi kimezidi na amekonda. Sisi wote tulisema ni tumbaku. Yeye mwenyewe alisema ni tumbaku. Si tumbaku. Ni kifua kikuu. Amepewa vidonge vya miezi mingi. Alisimama nje ya ua wetu, mbali, kitambaa mdomoni, akasema hataingia, akamtazama Domi aliye mgongoni kwa mama yake. Akasema wiki zote hizi nimempakata, wanangu, nisameheni.

Recho alimjibu vizuri. Akamwambia usijali, Mzee, kunywa dawa upone, huyu ana kinga yake, si ulikula kuku wa kovu lake? Akamgeuza mtoto amwonyeshe bega. Mzee Nestori akatabasamu, akashukuru Mungu, akaenda zake.

Niliingia ndani nikakaa juu ya kitanda.

Hana kinga. Mtoto wangu ana doa la ndizi.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili.

Nimejaribu kulitoa. Recho alipokwenda kanisani nilimbakiza Domi kwa kisingizio. Sabuni ya mche. Halitoki. Majivu kidogo na maji. Halitoki. Ndimu. Halitoki, na Domi amepiga kelele mpaka jirani akauliza kuna nini. Nikaacha. Bega limekuwa jekundu, na doa liko palepale, limezidi hata kung'aa.

Mpango wangu ulikuwa huu: kovu lipotee, nimwambie Recho mbona limefutika, twende kwa Sista. Hakuna atakayejua. Sasa hata njia hiyo imefungwa na ufundi wangu mwenyewe. Hivi ningekuwa fundi mbovu kama Anania si lingekuwa limeshatoka!

Jumamosi, 19 Aprili.

Nimekwenda kwa Sista peke yangu na mtoto. Nikamwambia nataka Domi achomwe tena. Akauliza kwa nini, na kovu analo. Nikasema nataka la pili, la akiba. Akaanza kukasirika. Akasema anajua mambo yangu, nimesikia mbili ni bora kuliko moja, nataka mtoto wa kushindania. Akaniambia niondoke.

Basi nikasema. Nikamwambia: Sista, lile ni utomvu wa mgomba.

Hakuamini! Nimeongopa maisha yangu yote watu wakaniamini, leo nasema kweli nakataliwa. Nikaapa. Nikamweleza kifungo, nikamweleza kijiti. Ndipo akamchukua mtoto, akapitisha kidole juu ya lile bega, polepole. Kovu la kweli lina kishimo. La Domi ni tambarare. Akapitisha kidole tena. Uso wake ukabadilika, nikatamani anipige, maana hakunipiga.

Halafu akasema hata yeye ana kosa, angemgusa Jumatatu ile badala ya kutazama kwa mbali. Hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Akasikiliza kifua cha Domi, akampima uzito na joto, akaniuliza maswali mengi kuhusu Mzee Nestori. Akasema kwa leo haoni dalili, mtoto ana afya, lakini atamfuatilia kila wiki, na sindano anaihitaji.

Nikasema basi mchome. Akasema chupa haifunguliwi kwa mtoto mmoja. Dawa yenyewe inakuja kwa shida, akiimwaga leo, mwezi ujao watoto wa watu watakosa. Siku nyingine ya begani ni katikati ya mwezi wa tano. Nikapiga magoti pale sakafuni. Akasema nyanyuka, Fundi, niletee watoto kumi wasiochomwa, au wasio na kovu la kweli, Jumanne asubuhi nafungua chupa. Na kabla ya hapo nimwambie mke wangu. Hilo ni sharti.

Nimemwambia jioni. Hakupiga kelele. Aliuliza tu kama siku ile ya kuku nilikuwa najua. Nikasema nilikuwa najua. Akamchukua mtoto akaenda kulala upande wa ukuta, mgongo kwangu. Kisha akasema gizani kwamba yeye aliomba Mungu asante kwa kitu ambacho hakikuwapo. Afadhali angenitukana kwa Kiha na Kirundi vyote.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka.

Watoto wachanga wa Busunzu siku ya Pasaka wako wapi? Kanisani, wanabatizwa! Akili yangu bado inafanya kazi.

Nilisimama mlangoni tangu asubuhi. Kila mama aliyetoka na kichanga nilimpa mkono wa Pasaka, kisha nikauliza kama kimechomwa begani, kisha nikajaribu kufunua kishali nione. Wa kwanza akanielewa, kwani alijifungulia nyumbani na hajafika zahanati. Wa pili pia. Wa tatu alikuwa mgeni kutoka mbali, hanijui. Nilipofunua shali akapiga yowe kwamba kuna mwizi wa watoto! Kwaya nzima ikatoka nje. Mzee mmoja wa kanisa alinishika kola ya koti nililoshona mwenyewe, na mshono haukuachia. Hilo niseme. Padri ndiye aliyeniokoa, akawaambia huyu ni Didas fundi, ni mpumbavu lakini si mwizi.

Basi ikabidi niwaeleze watu wote pale nje ninachotafuta. Na kwa nini. Kwanza nikaanza kuzungusha maneno, kwamba serikali imeagiza. Nikamwona Recho amesimama pembeni na Domi, ananitazama. Nikasema kweli. Kovu, kifungo, Mzee Nestori, chupa. Watu wengine walicheka mpaka wakashika miti. Lakini mama mmoja akasema wa kwake ana miezi minne na bega ni tupu, aliona aibu kusema. Mwingine akasema hivyo hivyo. Kumbe tuko wengi!

Mchana nikaendesha baiskeli mpaka nyumba za walimu. Mwalimu Yusuph, aliyehamia kutoka Tanga, mkewe Anifa amejifungua juzi. Wakanikaribisha chai, wakakubali. Jioni nikahesabu na Domi wangu: wanane.

Jumatatu, 21 Aprili.

Wawili wa kutimiza wapo, na ninajua walipo. Ni mapacha, Bukuru na Butoyi, hata mwezi hawajamaliza. Mama yao ni Esteria. Alijifungulia kwao Murungu, na sasa amekuja kupumzika kwa kaka yake.

Kaka yake ni Anania. Mungu ana utani na mimi.

Nilimkuta Anania mezani kwake anakata kitambaa kwa mkasi butu. Alikuwa amekwisha sikia habari za kanisani, alinisubiri kama paka. Nikamwomba. Akasema wazee hawataki mapacha watolewe nje kabla hawajafanyiwa mila za mapacha. Nikamwomba tena. Akasema labda anaweza kuzungumza na wazee. Labda. Kama na mimi nitaona la kufanya.

Masharti yake. Kwanza Domi asisimame kama mtoto wa mfano. Hilo lilikuwa limeshakufa, nikakubali upesi. Pili, nimshonee Gasper suti ya uzinduzi. Koti lenye bitana, kola, mifuko ya kweli. Na mtu akiuliza nani ameishona, jibu ni yeye, Anania, na mimi nikiwepo nitaitikia kwa kichwa.

Nilitaka kumwachia ngumi. Nikamfikiria Domi anavyokamata pua yangu. Nikatoa tepu mfukoni, nikampima yule mtoto wake mabega.

Nimeshona mchana kutwa. Nimetumia kile kitambaa cha waridi kama bitana, kwani sina kingine. Recho ameingia mara moja kibandani, ameona suti, ameuliza ya nani. Nikamwambia. Akaenda, akarudi na chai, akaiweka karibu na cherehani. Tangu Jumamosi sikuwa nimewekewa chai. Niliinywa yote ikiwa ya moto, nikaungua ulimi.

Jumanne, 22 Aprili.

Tulifika zahanati asubuhi, akina mama wanane wamepanga mstari kwenye benchi. Sista akahesabu. Anania hayupo. Mapacha hawapo. Suti nimempa jana! Saa zinakwenda. Sista akasema atasubiri kidogo. Recho alikuwa amemshika Domi kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika.

Mara Esteria akaingia, pacha mmoja mgongoni na mwingine kifuani. Nikamshukuru, nikamwambia wazee wamefanya vema kukubali. Akauliza wazee gani. Akasema yeye alipanga kuja tangu Jumapili aliposikia habari kanisani, na hakuna mzee aliyemkataza, na mbona hakuna mtu aliyemuuliza yeye mwenye watoto? Wanaume wawili wazima mnauziana wanangu kwa suti!

Akina mama wa kwenye benchi walinijibia, na walikuwa na mengi ya kusema.

Sista akafungua chupa. Akamchoma Domi kwanza. Alinifanya nimshike mimi mwenyewe, nisiangalie pembeni. Alilaza sindano, akaingiza polepole chini ya ngozi, kando kidogo ya doa langu. Ngozi ikanyanyuka, kiuvimbe kidogo cheupe, vishimovishimo, kweli kama ganda la chungwa. Domi alinitazama kwanza, halafu ndipo akalia. Mimi nikalia naye. Sioni aibu kuandika. Nililia pua na macho, na Sista akaniambia nisiguse, nisikande kwa maji moto, nisipake kitu chochote. Akarudia: kitu chochote, Fundi.

Tukiwa njiani kurudi Recho alinipa mtoto nimbebe. Akasema nikimbeba nitazame mbele, kuna matope.

Alhamisi, 24 Aprili.

Uzinduzi. Mahema, kipaza sauti, mgeni rasmi. Gasper akanyanyuliwa juu ndani ya suti yangu. Watu wakapiga makofi. Mgeni rasmi akashika kola, akaigeuza, akauliza kwa mshangao ni fundi gani wa hapa anayejua kuweka bitana namna hii. Anania akainua mkono. Mgeni akasema akija tena atamletea kitambaa chake mwenyewe.

Nikaitikia kwa kichwa. Shingo iliniuma kama nimebeba gunia la mihogo.

Domi yuko mgongoni kwa mama yake, hajui chochote, anatafuna kidole.

Jumapili, 8 Juni 2014.

Siku nyingi sijaandika. Leo kuna jambo.

Kipele kilitoka. Cha kweli! Kilivimba wiki ya tatu, kikapasuka, kikatoa maji, Recho hakukigusa wala hakuniruhusu kukaribia. Leo gamba limeanguka, na chini yake kuna kovu dogo, lenye kishimo. Recho akachukua kidole changu, akakipitisha pale mwenyewe. Nikakisikia kile kishimo. Doa la utomvu lilishafutika lenyewe zamani. Mzee Nestori anaendelea na dawa na ameanza kunenepa. Sista kila wiki anamsikiliza Domi kifua, na kila wiki anasema mzima.

Na zaidi ya hapo: Sista ameniteua mhamasishaji wa chanjo wa kitongoji! Amesema mtu aliyeweza kuleta watoto kumi kwa siku mbili asipotezwe. Amenipa fulana. Nimemwahidi, mbele ya Recho, mkono kifuani, kwamba uongo na mimi basi. Nilikuwa nasema kwa moyo wote.

Sasa, huyu Anania. Wateja wamejaa kwake tangu siku ile ya mgeni, wote wanataka bitana, na yeye hajui bitana inaanzia wapi. Haki iko wapi? Nimefikiri sana wakati wa mahubiri. Kovu la Domi ni zuri lakini ni dogo, na mikono ya magauni inalifunika. Basi nimebuni gauni lenye dirisha! Tundu la duara kwenye mkono wa kulia, palepale penye kovu, limezungushiwa utepe. Hakuna fundi mwingine mwenye wazo hilo, si Kibondo, si Kasulu.

Tatizo akina mama wa sokoni waliogopa tundu. Wakasema ni uharibifu wa kitambaa. Basi nikavaa fulana ya Sista, nikawatangazia kwamba ni agizo la zahanati. Kuanzia mwezi huu mtoto asiye na dirisha hatahudumiwa. Wamepanga foleni mpaka jioni! Nimekata mikono kumi na saba.

Ni kaneno kadogo tu, na ni kwa faida ya chanjo. Kesho Sista anapita sokoni kununua dagaa. Nimemwambia Recho anifulie fulana mapema, na nimemwandalia Sista kiti mbele ya kibanda ili aje ashuhudie foleni mwenyewe.